UZI: Vodevili ya Marekani na watazamaji wake, ni nani hasa aliyekuwa na kauli ya mwisho ukumbini?

MLETA UZI

Wanajukwaa, nawasalimu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari za vodevili, yaani yale maonyesho mchanganyiko yaliyotawala kumbi za Marekani tangu miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kila nikisoma narudi kwenye jambo moja ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Wengi husimulia nyota tu: nani alilipwa fedha nyingi, nani alianzia huko kabla ya kuhamia kwenye filamu. Mimi naomba tuzungumzie watu waliokaa kwenye viti. Naamini kwamba watazamaji hao hawakuwa wakipokea tu walichoandaliwa. Wao ndio walioamua nani atangulie na nani afunge, mzaha upi ubaki na upi ukatwe, na hata mtu akae jukwaani dakika ngapi.

Kwa asiyeifahamu, jioni moja ya vodevili ilikuwa na vipengele vinane au tisa visivyohusiana kabisa: wanasarakasi, mwimbaji, wachekeshaji wawili wa kujibizana, mbwa waliofunzwa, mchezo mfupi wa kuigiza wa dakika 20 hivi, mtu wa mazingaombwe, wacheza dansi. Kila kipengele kilijitegemea na kwa kawaida kilikodiwa kwa wiki moja, kisha msanii akapanda treni kwenda mji mwingine na kurudia yale yale. Mtu aliweza kuishi miaka mingi kwa dakika 15 zile zile, kwa kuwa kilichobadilika kila wiki hakikuwa mchezo wake bali watu wa kuutazama.

Mwanzo wake haukuwa wa heshima. Katikati ya karne ya 19 maonyesho ya namna hii yalifanyika katika mabaa yenye jukwaa, ambako pombe ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe na wasanii walikuwa chambo. Watazamaji walikuwa karibu wote wanaume, wakivuta sigara, wakigonga meza na kumjibu msanii kwa sauti, na mwanamke aliyejali jina lake hakuthubutu kuonekana humo. Tony Pastor, mwimbaji na mchekeshaji aliyetokea kwenye sarakasi, aliliona hilo kuwa hasara ya wazi, kwa kuwa nusu ya wakazi wa mji walikuwa hawawezi kukata tiketi yake. Mwezi Oktoba 1881 alifungua ukumbi katika mtaa wa 14 mjini New York, ndani ya jengo la Tammany Hall, makao ya chama cha siasa cha mji huo, akaondoa pombe na matusi katika maonyesho yake, kisha akawavuta akina mama kwa zawadi za unga, makaa ya mawe, magauni na hata vyerehani.

Aliyelifikisha jambo hilo mbali zaidi ni B. F. Keith, aliyeanzia Boston mwaka 1883 na chumba kidogo cha maajabu, ambamo mojawapo ya vivutio alikuwa mtoto njiti. Kuanzia mwaka 1885 alianzisha onyesho la mfululizo lililokwenda tangu asubuhi hadi usiku bila kusimama, na akiwa pamoja na Edward F. Albee alijenga mtandao mkubwa wa kumbi. Nyuma ya jukwaa alibandika matangazo yaliyowaonya wasanii kwamba neno chafu, hata la kiasi, lingewafukuzisha kazi, na wasanii wakaubandika mtandao wake jina la mzunguko wa shule ya Jumapili.

Lakini Keith hakuishia kwa wasanii. Watazamaji nao waligawiwa kadi zilizowaomba kwa adabu mabwana waache kukanyaga sakafu kwa vishindo na kugonga kwa fimbo zao, watu wasizungumze mchezo ukiendelea, na mwenye kufurahishwa apige makofi ya viganja tu. Kadi hizo zinanivutia kuliko jambo lingine lolote katika historia hii. Katika baa, walevi watatu wenye fimbo waliweza kuufunika ukumbi mzima. Viganja vinapotumika, sauti ya kila mtu hukaribia kulingana na ya mwenziwe, na mtu aliyesimama nyuma ya ukumbi akiwa na kalamu anaweza kusikia ni wapi hasa watu wamefurahi na ni wapi wamechoka. Keith aliwanyamazisha watazamaji, halafu akaanza kuwasikiliza kwa makini ambayo hakuna mwenye baa aliyewahi kuwa nayo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Umeandika kwamba watazamaji ndio walioamua nani atangulie na nani afunge, lakini nijuavyo mimi ratiba hupangwa ofisini na mwenye ukumbi siku kadhaa kabla tiketi hazijauzwa. Naomba ufafanue.

MLETA UZI

Swali lako ni zuri, ndugu yangu. Ni kweli kwamba ratiba ilipangwa ofisini, tena na wataalamu waliolipwa vizuri. Hata hivyo ukiitazama kipengele kwa kipengele unaona kwamba kila nafasi imewekwa kufuatana na jambo ambalo watazamaji walikuwa wakilifanya saa hiyo.

George Gottlieb, aliyekuwa akipanga ratiba za ukumbi wa Palace mjini New York, alieleza kazi yake kwa kina, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1915. Onyesho la vipengele tisa lilianza na mchezo usiotumia maneno: wanasarakasi, waendesha baiskeli au wanyama. Sababu yake haikuwa dharau kwa wanasarakasi. Dakika hizo watu walikuwa bado wanaingia, wanatafuta viti, wanawapitia wenzao magotini, na mchekeshaji ambaye angewekwa hapo angepoteza kila neno. Kipengele cha pili, mara nyingi wimbo au dansi ya watu wawili, kilikuwa cha kuwatuliza waliokwisha kukaa. Cha tatu kilipaswa kuwaamsha, cha nne kiwe na uzito wa kwanza, na cha tano kiwe kikubwa kiasi cha kuwapa watu la kuzungumza wakati wa mapumziko.

Baada ya mapumziko ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu watu walirudi wakiwa wamepoa, na wengine walichelewa. Msanii wa nafasi ya sita alitakiwa awakusanye upya bila kuwa na nguvu kuliko wale waliomfuata. Cha saba kilikuwa kikubwa, aghalabu mchezo wa kuigiza uliotumia jukwaa lote. Cha nane, yaani cha kabla ya mwisho, kilikuwa cha nyota, na mara nyingi alikuwa mchekeshaji. Kisha kikaja cha tisa, ambacho wasanii wengi walikiogopa kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuvaa makoti na kutoka. Ndiyo maana kilikuwa tena mchezo wa macho, kwa mfano warukaji wa bembea, ambao hata anayetembea kuelekea mlangoni anaweza kugeuka na kuutazama.

Nitoe ushuhuda mdogo. Nimewahi kusaidia kupanga burudani za siku ya wazazi shuleni, na mwaka wa kwanza tulimtanguliza mtoto mwenye shairi zuri kuliko yote. Hakuna aliyelisikia. Viti vilikuwa vinaburutwa, kina mama wanasalimiana, na yule mtoto alishuka jukwaani machozi yakimlengalenga. Niliposoma maelezo ya Gottlieb miaka kadhaa baadaye nilimkumbuka yeye, na bado najilaumu kwamba hatukuwatanguliza watoto wa sarakasi.

Tena kulikuwa na hesabu ya jukwaa lenyewe. Baadhi ya vipengele vilichezwa mbele ya pazia la kwanza, kwenye ukanda mwembamba ulio karibu na watu, huku nyuma yake mafundi wakipanga samani za mchezo unaofuata. Mwimbaji aliyekuwa mbele ya pazia alikuwa anafunika kelele za nyundo pasipo watu kujua, na onyesho halikuruhusiwa kusimama hata kidogo, kwa kuwa watazamaji wakiachwa wakae bure kwa dakika mbili wanakuwa umati, na kuurudisha umati kwenye utulivu ni kazi.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba kuuliza pia kuhusu hizo kalamu za nyuma ya ukumbi. Je, kulikuwa na kumbukumbu za maandishi, au ni masimulizi ya wazee wa kazi?

MLETA UZI

Zipo, mkuu, na ni hazina. Mameneja wa mtandao wa Keith waliandika taarifa kila wiki kuhusu kila kipengele kilichopita kwao, na vitabu vya taarifa hizo vimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Iowa, vikianzia mwanzoni mwa miaka ya 1900. Meneja aliandika jina la mchezo, dakika ulizochukua, sehemu ya jukwaa iliyotumika, kisha hukumu yake: umepokewaje, umeanza kuchosha wapi, umepigiwa makofi kiasi gani mwishoni. Nakala zilikwenda kwa wenzake na kwa ofisi iliyogawa kazi, kwa hiyo ukumbi wa mji mmoja ukikaa kimya, msanii aliweza kukuta malipo yake yameshuka katika mji ambao hajafika.

Siku ya kutisha ilikuwa Jumatatu. Asubuhi wasanii walifika kutoka kwenye treni na kuweka vitabu vyao vya muziki mbele ya jukwaa, na aliyetangulia kuviweka ndiye aliyetangulia kufanya mazoezi na okestra. Kama wawili walikuwa na wimbo mmoja, aliyefika nyuma alilazimika kuuacha. Mchana wake lilifanyika onyesho la kwanza la wiki. Meneja alikaa akiandika, na lilipokwisha alipanda nyuma ya jukwaa akiwa na maelekezo: mstari huu toa, wimbo wa pili futa, wewe uliyekuwa wa nne sasa uwe wa pili. Wengine walifungashwa virago siku hiyo hiyo.

Wasanii nao walijifunza kusoma watu kama mvuvi anavyosoma maji. Buster Keaton alipanda jukwaani na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Baba yake alimrusha huku na huku, na koti la mtoto lilishonewa mshikio wa sanduku mgongoni ili ashikike vizuri. Keaton alikuja kueleza kwamba aligundua angali mdogo kuwa akicheka yeye, watu hawacheki sana, lakini akibaki na uso mkavu wanavunjika mbavu. Ule uso mkavu ambao dunia nzima iliujua baadaye kwenye filamu ulitengenezwa na vicheko vya kumbi hizo, usiku baada ya usiku.

Houdini, bingwa wa kujifungua minyororo na pingu, aliwashirikisha watazamaji kwa njia nyingine. Alikuwa akihangaika na mazingaombwe madogo madogo mpaka Martin Beck, bwana wa mtandao wa Orpheum wa upande wa magharibi, alipomwona huko St. Paul mwaka 1899 na kumshauri abaki na michezo ya kujifungua pingu. Mwaka 1908 mjini St. Louis alianza mchezo wa kopo kubwa la maziwa lililojazwa maji. Kabla ya kufungiwa ndani, aliwaomba watazamaji wabane pumzi pamoja naye. Tafakarini jambo hilo: ukumbi mzima unabana pumzi, baada ya nusu dakika mmoja anaachia, dakika ikipita karibu wote wamekwisha kushindwa, na yule mtu bado yumo ndani ya maji na kufuli ziko juu. Hawakuhitaji tena kuelezwa kwamba ni hatari. Vifua vyao vilikuwa vimekwisha kuwaambia.

MCHANGIAJI WA TATU

Ndugu mleta uzi, naona unawasifu sana watazamaji hawa. Kuna upande wa ukatili: mboga kurushwa jukwaani, watu kuzomewa. Umati ukiwa ndiye hakimu, mnyonge huumia. Sikubaliani kwamba hiyo ni sanaa.

MLETA UZI

Umenigusa, na sitakukatalia. Kisa kinachonisumbua ni cha akina dada wa Cherry, waliotoka Marion katika jimbo la Iowa. Walikuwa na onyesho la nyimbo, maigizo ya mafunzo ya maadili na ngoma kubwa, na kwa maelezo yote ya wakati ule halikuwa zuri. Oscar Hammerstein, aliyekuwa na madeni katika ukumbi wake wa Olympia mjini New York, aliwaleta mwezi Novemba 1896 akijua kabisa kwamba watu watakuja kuwacheka. Ukumbi ulijaa. Watu walikuja na mboga mkononi, na kuwarushia kukawa ndiyo burudani yenyewe. Habari zilienea kwamba walikuwa wakiimba nyuma ya wavu, jambo ambalo wao wenyewe walilikana siku zote.

Baadaye gazeti la Des Moines Leader lilichapisha tahakiki iliyowakejeli hadi maumbile yao, wakaenda mahakamani. Mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Iowa iliamua kwamba anayejionyesha hadharani kwa kiingilio amejiweka wazi kukosolewa, hata kwa kejeli. Hukumu hiyo imekuwa rejeo la wanasheria wa Marekani katika uhuru wa kutoa maoni, na kama sheria naikubali. Kama jambo la utu, nafsi yangu haitulii. Wanawake wale walikuwa wakiimba kwa moyo wote, na aliyewauza alijua anachouza.

Lakini kuzomea hakukuwa kwa namna moja. Mwaka 1907 ndugu wawili walioitwa Russell Brothers, wanaume waliovaa kike na kuigiza vijakazi wa Kiairishi wapumbavu, walikuta ukumbi umejaa watu wa vyama vya Waairishi. Mchezo huo ulikuwa umechekesha kwa miaka mingi. Safari hii ulipokewa kwa mizomeo, na Brooklyn wakarushiwa mayai. Dada na mama za watu wale ndio waliokuwa wakifanya kazi za ndani katika nyumba za matajiri, na walikuwa wamechoka kuona jasho lao likifanywa mzaha. Mayai yale yalikuwa hoja. Ndiyo sababu siwezi kuwaweka walioyarusha kwenye fungu moja na waliowarushia mboga akina dada wa Cherry.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimefuatilia kwa makini. Je, Wamarekani weusi walikuwa wapi katika kumbi hizo, na vodevili ilikufaje?

MLETA UZI

Nianze na la pili kwa kifupi. Kuanzia mwaka 1896 filamu ilikuwa kipengele kimojawapo cha ratiba, na baada ya muda baadhi ya kumbi za mfululizo ziliitumia mwishoni ili kuwaondoa watu vitini wengine waingie. Miaka 30 baadaye mambo yaligeuka: redio, sauti katika filamu tangu mwaka 1927, kisha mdororo mkubwa wa uchumi. Ukumbi wa Palace, uliofunguliwa Machi 1913 na kuwa kilele ambacho kila msanii alikitamani, uliacha maonyesho yake ya mara mbili kwa siku mwaka 1932 na kugeukia filamu. Filamu haibadilishwi Jumatatu mchana kwa sababu watu wamekaa kimya.

Kuhusu la kwanza, katika kumbi nyingi Mmarekani mweusi aliuziwa tiketi ya ghorofa ya juu kabisa tu, hata kama alikuwa na fedha za kiti cha mbele. Ilitokea hivyo hata pale ambapo nyota wa usiku ule alikuwa mweusi. Kulikuwa na kumbi za watu weusi wenyewe, kama Pekin ya Chicago iliyofunguliwa na Robert Motts mwaka 1905, na katika miaka ya 1920 ulikuwapo mtandao wa TOBA, yaani umoja wa wenye kumbi waliokodi wasanii weusi, ambamo Ma Rainey na Bessie Smith waliimbia watu wao kwa malipo madogo na katika mazingira magumu.

Aliyesimama katikati ya dunia hizo mbili ni Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas. Yeye na mwenzake George Walker walipanda pamoja tangu kwenye vodevili hadi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, ambako mwaka 1903 walicheza igizo la muziki la *In Dahomey*. Walker alipougua na kuacha kazi, Williams aliendelea peke yake, na mwaka 1910 alijiunga na maonyesho makubwa ya nyimbo na dansi ya mtayarishaji Ziegfeld mjini New York, ingawa baadhi ya waigizaji weupe walitishia kujitoa. Mtu huyo, aliyekuwa na ngozi ya maji ya kunde, alipaka uso masizi ya kizibo kilichounguzwa kila alipopanda, kwa kuwa huo ndio uso ambao watazamaji weupe walikuwa wamezoeshwa kuucheka. Chini walicheka kitu kimoja, na naamini ghorofa ya juu walicheka kingine: walimwona mtu anayefahamu vizuri jinsi kudra na dunia zinavyomwonea, na anayelieleza hilo kwa kuinua bega tu.

Mchezo wake uliopendwa sana haukuwa na neno hata moja. Alicheza karata na watu wasiokuwapo. Uzuri ni kwamba tunaweza kuutazama hadi leo, kwa kuwa aliuingiza katika filamu fupi ya mwaka 1916, *A Natural Born Gambler*. Yumo ndani ya chumba cha jela, peke yake. Anawagawia karata wachezaji ambao hawapo, anachungulia zake, macho yanamng'aa, anaongeza dau, kisha uso unashuka taratibu anapoelewa kwamba ameshindwa. Filamu hiyo ni bubu, kwa hiyo vicheko vya ukumbi havimo.